Kifaru Kando ya Hori

Lisemwalo halipo; na kama lilikuwepo, limekwisha bebwa. Wahenga walisema kinyume, lakini wahenga hawakuwa Kadutu mwezi wa pili, siku ile askari waliokuwa wanakimbia walipoteremka na kifaru chao kutoka upande wa Kavumu, injini ikawazimikia mbele ya kikanisa cha mtaa, nao wakapata nafasi ya kuingia nyumba za watu huku fundi wao akihangaika na mashine. Tangu siku hiyo kila kilichopotea kilibebwa na vita. Sufuria uliyoazimwa na jirani? Vita vilibeba. Kuku aliyeishia kwenye chungu cha mwenzio? Vita. Kijana mmoja wa fundi viatu alipoteza hata diploma ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kumpa, akaapa kwamba aliiona ikiondoka juu ya kifaru.

Watu walicheka, wakaacha yapite. Lakini kati ya yote yaliyosemwa, neno moja liliingia nyumbani kwa Eulalie likakataa kutoka. Neno lenyewe ni groupe. Ndivyo mtaa mzima ulivyoiita jenereta ya shirika, yaani ya jumuiya yao ya sala: mashine nzito ya mazutu, yaani ya dizeli, yenye sauti ya mzee mwenye kikohozi, iliyowasha taa na vipaza sauti vya kikanisa kila umeme ulipokatika. Ilifungiwa katika ghala dogo nyuma ya kikanisa, na ufunguo wa ghala ulikaa shingoni mwa Papa Gracien, baba yake Eulalie, mlinzi wa pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kifaru kilipoondoka, ghala lilikutwa tupu, na kufuli lilikuwa zima.

Hapo ulimi wa watu ukapata mfupa. Askari huvunja; hawaombi ufunguo. Basi nani aliwafungulia?

Hakuna aliyemshitaki usoni. Kadutu hawakushitaki, wanakupunguza. Kwenye sala, wakati wa kupeana amani, walimpa Papa Gracien ncha za vidole, kama mtu anayeonja maji ya moto. Akiketi kwenye benchi, benchi linapata nafasi. Mwishowe akaacha kwenda. Alishinda uani akinoa panga ambalo halikuwa na kazi yoyote, na Eulalie, akimtazama mgongo, alijikuta akiuliza moyoni swali lilelile la watu wengine. Swali hilo alilichukia, lakini halikumtoka.

Siku hizo Eulalie alikuwa na diploma ya mekanika na hakuwa na kazi ya mekanika. Alitengeneza vitu vidogo: lori za mikebe ya tomati, boti za ziwani zenye madirisha ya plastiki ya chupa, pikipiki ambazo magurudumu yake yalizunguka kweli. Kila Noeli yeye ndiye aliyejenga pango la shirika, na shirika hilo lilikuwa na desturi yake: pembeni mwa hori la Mtoto Yesu lazima kiwekwe kitu kimoja cha mwaka unaoisha, ili Mtoto ajue amezaliwa wapi. Mwaka wa maporomoko waliweka nyumba iliyolala kifudifudi. Mwaka wa ugonjwa wa kukohoa, Bikira Maria alivaa barakoa.

Mwaka huu Papa Apollinaire alifika mwenyewe kutoa agizo. Yeye ndiye alikuwa mkubwa wa shirika, muuza vipuri vya pikipiki sokoni, mwanaume wa tumbo la heshima na shati lenye pasi hata siku za mvua.

"Eulalie, mutoto wangu, mwaka huu utatutengenezea char, ile kifaru."

"Char ya nini, Papa?"

"Ya Herode! Herode alikuwa na baaskari, kweli ao hapana? Basi baaskari ba leo hawatembee na mikuki. Weka ile char yenyewe, vile ilivyokuwa, na vitu vyetu vyote juu. Na groupe yetu. Groupe njo ya lazima. Batoto bakikomaa bajue nani alituibia."

"Uliiona groupe juu yake, Papa?"

"Weye nawe! Si nilisema kila juma?" Akapiga kifua. "Nilikuwa nyuma ya ukuta wa Maman Monique. Kwa macho haya mawili. Iliketi pale nyuma ya kifaru, katikati, wima, kama bibi harusi ku kiti yake. Nililia kama mutoto."

Ni kweli alisema kila juma. Hadithi hiyo ilikuwa imekua mikononi mwake kama mkate wenye chachu: mwanzoni groupe ilibebwa tu, kisha ikafungwa kwa kamba, halafu ikakaa kama bibi harusi. Eulalie hakuwa na neno la kumpinga. Siku ile yeye alilala chini ya kitanda na shuka mdomoni, na kutoka chini ya kitanda hakuna anayeona barabara. Lakini alipomwona Papa Apollinaire akiondoka bila kutupa jicho uani, mahali baba yake alipokuwa ananoa panga, kitu kama mwiba kilimgusa. Watu wengine walimwangalia Gracien kwa dharau. Huyu hakumwangalia kabisa.

Akaanza kazi.

Eulalie alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kutengeneza kitu kwa kukisia. Kifaru kilipozimika mbele ya kikanisa, minyororo yake ilikuwa imebonyeza udongo kando ya barabara, na jua la kiangazi likaukausha ukawa mgumu kama tofali. Mahali pale hata mvua zilizofuata hazikupafuta. Akashuka na utepe wa kupimia nguo. Akapiga magoti, akapima upana wa alama moja, kisha umbali kati ya alama hii na ile, kisha kila jino la mnyororo.

Alipoinua kichwa, njia ilikuwa imejaa macho. Mwanamke aliyebeba ndizi alisimama na ndizi zake. Madereva wawili wa pikipiki walizima injini.

"Unapimia nani ile?" mmoja akauliza.

"Mtoto Yesu."

"Mutoto Yesu anataka ukubwa wa char?"

"Anataka kujua kama itaenea ku pango."

Hawakucheka. Siku hizi mjini hakuna anayecheka haraka. Askari wapya walioushika mji wana masikio, na wa zamani waliacha yao. Kabla Eulalie hajafika nyumbani, habari ilikuwa imemtangulia mlimani: binti wa Gracien anapima njia za vifaru. Baba aliwafungulia, binti anawachorea. Maman Séraphine, jirani wa ukuta kwa ukuta, alimvuta pembeni penye bomba la maji.

"Binti, utepe ile uifiche. Batu banaongea."

"Batu banaongea nini, Maman?"

"Banauliza unatumikia nani."

"Wewe je, Maman? Unauliza pia?"

Maman Séraphine alitazama ndoo yake. "Miye nauliza tu kama utaweka kabati yangu. Ile ya kioo. Walipoilalisha juu ya ile mashine, kioo ilimulika mpaka ku ukuta wa kanisa. Kila mutu aliona."

"Nitaiweka."

"Na kioo?"

"Na kioo."

Basi kila mita ikawa sentimita tano, na juu ya meza ya Eulalie, chini ya dirisha la uani, mnyama wa chuma akaanza kuota. Mwili aliukata kwa mkasi wa bati kutoka mikebe mikubwa ya mafuta. Penye mishono ya kuchomelea alilowesha uzi ndani ya gundi, akaulaza kwenye kona za bati, akaukandamiza kwa ncha ya sindano, kidogo kidogo, hadi ukapata vile vifundo ambavyo moto wa fundi huacha juu ya chuma. Misumari ya vifuniko ilikuwa vichwa vya pini. Minyororo ya magurudumu ilimla macho: kipande kwa kipande cha bati, kila kimoja kimekunjwa kwa kibanio cha nyusi, vyote vimeunganishwa kwa waya wa shaba aliouchomoa kwenye mota iliyoungua. Kutu aliipata kwa kuloweka unga wa chuma katika siki. Tope lilikuwa tope la pale pale barabarani, limechujwa kwa soksi ya kike ili lisiwe na chembe kubwa kupita kipimo cha kifaru kidogo.

Mzinga ulikuwa antena ya redio ya zamani. Kichwa cha kifaru alikikalisha juu ya kifuniko cha chupa ya dawa, kikawa kinageuka. Ilikuwa lazima kigeuke. Jambo moja la siku ile hakuna aliyelisimulia tofauti: kabla ya kuondoka, kichwa cha kifaru kiligeuka. Mzinga ulizunguka kutoka mbele hadi nyuma, ukapita chini chini juu ya vitu vilivyoibwa, ukazikabili nyumba. Mtaa mzima ulijitupa chini. Eulalie mwenyewe, chini ya kitanda, alisikia mlio wake, na baada yake kishindo cha bati. Kishindo kile kilikuwa beseni la Maman Monique.

Maman Monique alilileta mwenyewe, limebonyea ubavuni. Alikuwa muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, mwanamke wa sauti ya kupasua mawe, na tangu mwezi wa pili beseni hilo lilikuwa mali yake kubwa kuliko lilipokuwa zima.

"Shika, pima. Waliliweka juu ya matela, ile godoro ya kuibwa, nyuma kabisa, katikati. Ule mzinga ulipozunguka, pwaa! ukalitupa chini. Char ikaenda, beseni ikabaki. Mungu hapendi sambaza zangu zilale njaa."

"Nyuma katikati, Maman? Una hakika?"

"Beseni ya nani? Yako ao yangu?"

Eulalie akalipima beseni; kimo chake juu ya godoro ndicho kilichompa kimo cha mzinga. Watu walikuja hivyo, mmoja mmoja, kwanza kwa kushuku, kisha kwa tamaa ya kuona vyao. Alphonse fundi saa alitaka mbuzi wake awe na doa jeupe. Maman Séraphine alileta kipande cha karatasi ya kung'aa kwa ajili ya kioo. Waliinamia meza, wakaona uzi umekuwa chuma, wakaona kamba ya katani imesokotwa upya hadi ikawa nyembamba kama unywele, na bila kujua wakashusha sauti, kama watu walioingia chumba cha mgonjwa. Uani panga liliendelea kunolewa. Hakuna aliyemsalimu mwenye panga.

Papa Apollinaire alikuja akiwa wa mwisho. Alizunguka meza mikono mgongoni.

"Na groupe iko wapi?"

"Inakuja, Papa. Ilikuwa wima, ulisema?"

"Wima kabisa. Nani anaweza kulalisha groupe? Mazutu yote itamwangika."

"Nyuma, katikati?"

"Nyuma, katikati. Unaniuliza kama polisi."

"Nauliza kama fundi."

Alicheka, lakini kicheko chake kilifika kwenye meno tu kikarudi.

Groupe ndicho kitu pekee ambacho Eulalie hakuhitaji kuulizia mtu. Alikua akiiona. Ghalani bado kulikuwa na jukwaa la saruji lenye matundu manne ya nati, alipima hapo. Kimo cha mashine alikipima kwenye mwili wake mwenyewe, kwa kuwa siku zote mfuniko wa tangi ulimfikia kiunoni. Akaitengeneza kwa bati la sardini, na kiraka chake penye tangi, na ule mpini wa kipande cha nondo ambao baba yake aliuchomelea baada ya mpini wa kwanza kuvunjika. Ilipokauka, aliiweka nyuma ya kifaru, katikati, wima, kama bibi harusi.

Kisha akageuza mzinga.

Mzinga ulitembea vizuri, ukapita ubavuni, ukaja nyuma, ukagonga groupe. Tik. Ukasimama.

Eulalie alirudisha mzinga mbele, akarudia. Tik. Alidhani amekosea kimo, akapima tena groupe. Alidhani amekosea kifaru, akashuka tena barabarani na utepe wake, macho ya watu mgongoni kama nzi. Vipimo vilikuwa vilevile. Akasogeza groupe kushoto: hapo palikuwa na kabati. Akaisogeza kulia: mbuzi wa Alphonse, na madumu ambayo nusu ya mtaa iliyaona. Akaiondoa kabisa, akageuza mzinga. Ukapita laini juu ya godoro, ukagusa beseni dogo, beseni likaanguka mezani.

Alikaa akilitazama beseni lile. Kwa hiyo groupe haikupanda juu ya kifaru. Lakini hesabu hiyo ikamgeukia. Kwa maana ikiwa askari hawakuichukua, na kufuli lilikuwa zima, basi iliondoka kwa ufunguo. Na ufunguo ulikuwa shingoni mwa nani?

"Papa," akaita. "Ingia uone."

Papa Gracien aliingia, panga mkononi. Eulalie aliweka groupe, akageuza mzinga. Tik. Aliondoa groupe, akageuza. Beseni likaanguka.

Mzee aliweka panga sakafuni taratibu, akaketi juu ya kitanda cha binti yake.

"Uliuza, Papa?"

Swali hilo lilikuwa limekaa mdomoni mwake miezi, na sasa lilipotoka alitamani kulimeza. Baba yake hakukasirika. Hilo lilimwumiza zaidi.

"Hata weye," alisema.

"Hata miye. Niambie."

"Apollinaire aliichukua. Jioni moja mbele ya ile siku, habari zilipokuja kwamba Kavumu imeanguka. Akasema tuifiche kwa ndugu yake, mutaa wa Nguba, huko baaskari hawatafika. Alikuja na pikapu ya huyo ndugu na bijana bake. Mimi mwenyewe nilisaidia kubeba. Akaniapisha juu ya rozari: usiambie mutu, hata padiri, mpaka nirudishe."

"Na alipoanza kusema imeibwa?"

"Nilimfuata. Akaniambia: sema, uone. Ufunguo iko kwako. Batasema Gracien ameuza, sasa anatafuta mutu wa kumubebesha." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikafikiri labda anangoja vita itulie. Mutu nimekula naye ekaristi, nikafikiri atarudisha. Nikangoja Pasaka. Nikangoja Kupalizwa kwa Maria. Sasa ni Noeli."

Eulalie alimwangalia, akitafuta ufa katika maneno yake kama alivyotafuta ufa katika bati. Akakumbuka jicho la Papa Apollinaire lisilotua uani. Hakuupata ufa.

"Sasa ufanye hivi," mzee alisema, sauti chini. "Chukua gundi. Tia hapa, ku shingo ya char. Mzinga hautageuka tena. Groupe itakaa pale anapotaka. Noeli itapita."

"Na weye?"

"Mimi nimezoea."

Chupa ya gundi ilikuwa pale, karibu na kiwiko cha Eulalie. Tone moja. Hakuna ambaye angejua. Kifaru kingekaa kando ya hori kizuri, kimesimama kimya, na baba yake angeendelea kupewa ncha za vidole hadi siku ya kumzika. Eulalie aliifungua chupa. Akaitumia kubandika pembe ya mbuzi iliyolegea, akaifunga.

"Jumapili utakuja," alisema. "Vaa lile koti la harusi."

Jumapili ya kubariki pango kikanisa kilijaa hadi mlangoni. Padiri Adalbert alikuwa amepanda kutoka parokia, stola shingoni, viatu vimejaa tope. Papa Gracien aliingia na koti lake lenye harufu ya sanduku, akaketi benchi la mwisho. Benchi likapata nafasi.

Pango lilikuwa la mawe na majani ya migomba, hori katikati, na kando ya hori, kifaru. Watu walisogea kama maji. Kila mtu alitafuta chake kwanza.

"Tazama doa ya mbuzi wangu!"

"Kabati yangu, Yesu, na kioo yake!"

"Na groupe. Ona kiraka. Ona nondo ya Gracien. Njo yenyewe!"

Papa Apollinaire alisimama mbele, mkono kifuani, kama aliyekuwa ameitengeneza yeye. "Munaona, bandugu? Vile nilisema. Nyuma, katikati, wima. Padiri, bariki, tukumbuke nani alituibia."

"Ngoja kwanza," Maman Monique alipaza sauti. "Beseni yangu sijaiona ikianguka. Eulalie, ile kichwa inageuka?"

"Inageuka, Maman."

"Geuza! Padiri hajaona vile Mungu aliokoa beseni."

Watu wakacheka. Hata padiri alitabasamu, akaashiria kwa kidole. Eulalie alipiga magoti mbele ya pango, akashika kichwa cha kifaru kwa vidole viwili. Kisha akageuza.

Mzinga ukazunguka, ukaja nyuma. Tik.

"Endelea," Maman Monique alisema.

"Haiendelei, Maman. Groupe inazuia."

"Sasa beseni yangu ilianguka vipi?"

Eulalie aliinua groupe kwa ncha za vidole, akaiweka sakafuni, akageuza tena. Mzinga ukapita. Beseni likaanguka juu ya majani ya migomba, sauti ndogo kama ya shilingi kwenye sadaka. Mahali hapo, mwezi wa pili, wote waliisikia sauti hiyo ikiwa kubwa.

Kisha minong'ono ikaanzia nyuma. Mtu mmoja alisema "wima", mwingine akajibu "kama bibi harusi", na wa tatu akakohoa.

"Ni jouet, kitu ya batoto kuchezea!" Papa Apollinaire alisema. "Munaacha jouet ya mikebe iwaongoze? Weka groupe kando, basi."

"Kando kuna kabati, Papa."

"Juu ya kabati!"

"Juu ya kabati yangu?" Maman Séraphine alijitokeza, mikono kiunoni. "Ile ya tripleksi, mbao nyembamba vile? Groupe ya kubebwa na banaume bane? Papa Apollinaire, ile kabati ilikuwa inalia hata nikiweka mashuka!"

Kicheko kilipasuka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa kama mbwa wanaoanza kunusa. Papa Apollinaire alitoa kitambaa.

"Labda walibeba mbele. Miye nilikuwa mbali, nilikuwa nalia..."

"Ulikuwa nyuma ya ukuta wangu," alisema Maman Monique. "Kila juma ulikuwa nyuma ya ukuta wangu. Miye nilikuwa nyuma ya ule ukuta, na batoto bangu, tumelala chini. Nilikuwa siulizi kwa heshima tu. Ulikuwa upande gani?"

"Basi muulize mwenye ufunguo!" Aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili akamtazama Papa Gracien. "Yule pale! Kufuli ilikuwa nzima. Muulize yeye!"

Vichwa vyote viligeuka. Papa Gracien alisimama, mikono imeshika benchi la mbele.

"Ghala nilikufungulia weye, Apollinaire," alisema. Hakupaza sauti. "Mbele ya vita kufika. Pikapu ilikuwa ya ndugu yako wa Nguba. Nilikuapia juu ya rozari, na leo nimevunja kiapo mbele ya padiri, nitakiungama. Weye utaungama nini, sijui."

Maman Bijou, mke wa Papa Apollinaire, alikuwa benchi la mbele kabisa, upande wa wanawake. Aliokota mkoba wake. Akapita katikati ya watu, macho chini, akatoka bila kupiga goti.

Padiri Adalbert aliinua mikono yote miwili. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, na mbele yake kulikuwa na Noeli inayopasuka.

"Wanangu. Haya yote tutayaangalia, parokiani, kwa utulivu. Nguba si mbali. Lakini munajua desturi yenu: pango halibarikiwi juu ya ugomvi. Kwanza msamaha, kisha maji ya baraka."

"Kweli!" Papa Apollinaire alidaka, jasho linamtoka, kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. "Aanze huyu binti. Ameleta fujo mbele ya Mutoto Yesu. Nilimuagiza char ya Noeli, akanitengenezea mutego. Mimi ni mukubwa wa shirika, ni kama baba yake. Aombe msamaha!"

"Eulalie," padiri alisema kwa upole, "wewe ni kijana. Anza wewe. Neno moja tu, tuendelee. Haipunguzi ukweli."

Kikanisa kizima kilimsubiri. Maman Séraphine alimfanyia ishara ya macho: sema tu, mwanangu, ni neno. Eulalie alikuwa bado amepiga magoti. Aliokota beseni dogo, akalirudisha juu ya godoro, nyuma, katikati, mahali pake. Aliiacha groupe ndogo sakafuni. Kisha akasimama, akapangusa magoti, akamtazama kwanza baba yake, aliyekuwa bado ameshika benchi, halafu Papa Apollinaire.

"Uliniambia niiweke vile ilivyokuwa," alisema. "Nimeiweka vile ilivyokuwa. Padiri, nakuheshimu. Lakini siombi msamaha. Si leo, si Noeli, si siku groupe itakaporudi. Siombi."